Sahani ya Jirani

Mjukuu wangu Ruqaiya,

Salamu za mtaa wetu wa Darsait zikufikie, na kelele zake. Bibi yako mzima, anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Mimi bado nnampita baba yako kwa sura.

Unasema kwenye kimji chenu cha Marekani watu walikuwa wakipigana risasi, sasa wenyeji wanasema yamepungua, nawe huamini. Hata jirani aliyekuachia sahani ya keki mlangoni hujathubutu kumrudishia. Unaniuliza, mtu atajuaje kama shari imekwisha?

Sikiliza babu aliyetoroka skuli. Ujanani, sisi wa Darsait tulikuwa tukipigana na vijana wa Matrah, mtaa wa jirani. Mimi nikiogopwa, usicheke! Ugomvi ukapoa, lakini bakora siiachi, hata nikienda Matrah kununua samaki. Siku moja Seif, hasimu wangu mkubwa, akaniita kibarazani kwao.

"We Nassor, bakora ya nini? Samaki wameshakufa hao!"

Wenzake wakaangua kicheko. Akanipa kikombe cha kahawa, kisha akaninyooshea tende, nami mkono mmoja kikombe, wa pili bakora.

"Utaipokea kwa mdomo, kama mbuzi?"

Nikaiweka bakora chini. Kumbe wenzangu walishavimaliza vita zamani, nimebaki napigana peke yangu.

Basi usiku funga mlango wako, na pahala wanapokukataza usipite. Lakini kesho mchana mgongee jirani. Na kwetu sahani hairudi tupu: tia ile haluwa ya bibi yako, kama hujaimaliza, mlafi we.

Babu yako,
Nassor