Jiwe Alilobakisha Igoki

Mjukuu wangu Wanja,

Salamu kutoka Ishiara. Sisi tuko, ila magoti ya babu yako bado yanamsumbua.

Umeniandikia kwamba mashine yenu huko chuoni imelimulika lile jiwe nililokupa, ikasoma jinsi chembe zake zinavyotetemeka. Umesema ni udongo mweupe mtupu, haukuchanganywa na chochote. Unauliza nililitoa wapi.

Dadangu Igoki alipokuwa mjamzito alipenda kula mawe ya udongo kama hilo, jinsi wajawazito wengi wapendavyo. Alinunua kwa jirani yetu, Mama Njiru. Siku ya kujifungua alivuja damu mpaka akafa, yeye na mtoto. Nikachukua kipande alichobakisha, nikakiinua mbele ya waombolezaji.

"Mama Njiru ametia sumu!"

"Igoki alikuwa kama mtoto wangu," akasema Mama Njiru.

Hakuna aliyemsikiliza. Tangu hapo hakuna aliyemsalimia hata sokoni. Alipokufa, sikwenda kumzika.

Jana nilipeleka barua yako kwa Njiru, mwanawe, nikamsomea mlangoni.

"Umechelewa, mama," akasema, akafunga mlango.

Sikumlaumu. Lakini amesikia, na amesikia kutoka kwangu mimi niliyemchafulia mamake jina.

Ni mimi cucu yako,
Ciarunji