Fasi Yenye Filme Iliruka

Baba Neema,

Namna gani huko Mahagi, weye na watoto? Siye huku Bunia, kwa mudogo wangu wa kartye ya Saio, tuko muzima, lakini mvua haituachi.

Jana tulienda kuangalia filme ku paroisse ya mapadri, yenye ilitoka mu teatre moja ya zamani ya Wazungu. Bwana anafukuza muke juu ya maneno ya watu. Anajua kisha kama ni uongo, analia kidogo, muke anarudi. Mama mumoja karibu yangu akasimama, muhindi ya kuchoma ku mukono: « Rudisha nyuma! Umeruka fasi ya bwana kwenda kuomba musamaha kwa wakwe! » Wakarudisha. Ile fasi haiko. Ule mama akauliza: « Sasa nani alimurudisha huyu muke? »

Weye pia uliamini maneno ya watu, ukanifukuza, ukalia kidogo, na mimi nikarudi peke yangu. Nilikusamehe, ile ni kweli. Lakini ninataka kujua ungesema nini mbele ya baba yangu.

Basi kesho nitashukia Fataki, kwake. Nitakungojea kule. Ukuje na mbuzi ya kuomba musamaha, na ukuje mbio, juu nimeshaanza kukukumbuka.

Mama Neema