Sikio Langu Lilipiga Filimbi

Kivuko cha Luama, Jumanne, mwezi wa Rajabu

Sasa kivuko kizima kinaniita Mzee Filimbi, na mwenye kosa ni sikio hili la kushoto.

Munyororo wa kivuko ulikatika ukazama, na muzamiaji wa hapa ni mimi tangu ujana. Mwezi uliopita ngoma ya sikio ilinipasukia mule mutoni, munganga akanikataza kuzama tena. Sikumwambia muzungu anayetengeneza barabara yetu. Alileta chupa za chuma zenye pumzi, za kuvaa mugongoni, na nilitaka kuzivaa hata mara moja kabla ya kufa.

Akanifundisha pale kandoni: "Mzee, kamata pua, funga kinywa, puliza. Masikio itafunguka."

Nikapuliza. La kwangu liko wazi siku nyingi. Pumzi ikatokea humo, fiii. Watu wa barabara wakazani ni filimbi ya chakula, wakatupa majembe, wakaenda kula.

Muzungu akamukaripia kapita, musimamizi wao: nani amepiga filimbi?

"Bwana, yangu iko huku shingoni. Ile iko ndani ya sikio ya Mzee."

Chupa zikarudi garini.

Nyumbani muke wangu, Mama Zaina, akanitilia dawa. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Langu linasikia," nikasema, "tena linajibu."

Lakini uziwi naogopa, si kidogo. Magharibi niliziba lile zuri kwa kidole, nijaribu. Adhana sikuisikia. Mama Zaina kunisema toka jikoni, nilisikia neno kwa neno.