Siku Tuliyompandisha Mwenyekiti

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Shemeji hajambo? Na watoto? Yule mdogo aliyekuwa akibanwa na kifua, ameshapata nafuu? Huku tunashukuru. Goti la Mama linamsumbua akitaka kuinuka, lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Anatusema kutwa kucha.

Nimekawia kukujibu. Kila nikishika kalamu naishiwa nguvu, maana uliniuliza habari za chumba cha majaribio, na chumba hakipo tena.

Unajua tulivyohangaika nacho. Ilikuwa stoo kuukuu nyuma ya shule ninayofundisha. Mimi na Seremala, yule jirani yetu mwenye kicheko kikubwa, tuliifagia, tukaziba paa, tukapanga meza. Kila Jumamosi watoto wa shule yoyote walikuja kuishika fizikia kwa mikono yao. Wazazi nao walikuja. Sumaku tulizing'oa kwenye spika mbovu. Mabomba ya sindano tuliyaunganisha kwa mpira wenye maji, ukibonyeza moja jingine linapanda, na akina mama walibonyeza wakacheka kama wasichana.

Kitu kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba ya kunyanyulia mizigo. Ndiyo maana watoto wakaniita Mwalimu Makapi. Walimu wenzangu nao waliniita hivyohivyo, ila wao walimaanisha makapi ya kupepetwa.

Basi tukasikia kamati ya shule inakitaka chumba. Nikaona dawa ni kuwaita waje wajionee. Tulijiandaa wiki nzima. Seremala alifunga makapi sita kwenye boriti, matatu juu na matatu chini, akaning'iniza kiti imara. Alikikalia yeye kwanza, kisha akaning'inia nacho kama popo, ili niamini hakitakatika.

Siku ilipofika, Dada, chumba kilifurika hadi watu wakasimama madirishani. Nikamwomba Mwenyekiti wa kamati akae kitini. Unajua mwili wake. Nikamkabidhi kamba binti wa muuza mkaa, kitoto cha darasa la tatu, chembamba kama ufito.

Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, usije ukaniangusha, nina familia!" Watu wakaangua kicheko.

Mtoto akavuta. Mwanzoni hakuna kilichotokea, ila kamba ilikuwa ikija. Akavuta tena, na viatu vya Mwenyekiti vikaacha sakafu. "Anapaa! Anapaa!" Makelele yakajaa chumba. Nikawaeleza kwamba uzito umegawanywa kwenye mistari sita ya kamba ileile moja, na ndiyo sababu binti anavuta kamba ndefu namna ile kumpandisha mtu kidogo tu. Binti akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tukiongeza makapi naweza kunyanyua hata gari?" Nilitamani nimbebe mgongoni nimzungushe mtaa mzima.

Mwenyekiti aliposhuka alinipa mkono akifuta machozi ya kicheko. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu, leo umetufurahisha kweli. Ila kile chumba tumeshakiamulia. Kitakuwa ghala la viti na mahema ya kukodisha."

"Mmeamua lini?"

"Kikao cha mwezi uliopita."

"Sasa leo mlikuja kufanya nini?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye nisiyeelewa. "Si mlitualika?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa adui ningejua pa kushika.

Tulihamisha vitu kwa mkokoteni hadi uani kwa Mama. Mvua ikavikuta kabla hatujapata turubai. Meza zimepinda, sumaku zimeota kutu. Nilizunguka shule tatu kuomba japo kona, nikaambiwa mitihani iko karibu. Seremala amepata kazi ya milango, haji tena, na simlaumu. Mama alinitazama siku ya kwanza akasema, "Umempandisha mtu juu, yeye amekushusha chini." Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Juzi nilifundisha makapi darasani, kwa chaki. Mvulana mmoja akauliza kamba inaanzia wapi na inaishia wapi. Nikamjibu, "Nakili ilivyo ubaoni." Darasa zima likanakili, kimya. Hakuna aliyeuliza tena, nami sikutaka waulize. Naona ndivyo nitakavyokuwa mpaka nistaafu.

Zile lenzi ulizosema umewanunulia wanafunzi wangu, usizitume, Dada. Wape wanao wachezee. Wakitaka kujua kwa nini dunia inapinduka ndani ya kioo, wewe waeleze. Ulikuwa hodari kuliko mimi.

Mama anakusalimu, anasema ule ushibe na usijifanye mzungu wa kubakiza chakula. Baba Mdogo na mkewe wanakusalimu. Mpe Shemeji heshima zangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Mungu awafunike huko mliko, na awape mlango usiofungwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kitindamimba