Mwinjuma Mhina wa Sindeni, Aliyeshikwa kwa Jina la Mwingine

Baba, mwaka umetimia tangu tulipokulaza hapa Sindeni, na bado watu wanafika nyumbani kumuulizia fundi wa milango. Wengine wanatoka mbali, habari haijawafikia. Mama huwapa maji kwanza, wakishakunywa ndipo awaambie.

Kijiji kilipohamishiwa barabarani, kila mtu alijenga haraka haraka kwa miti na udongo, nawe ukasema nyumba haijawa nyumba mpaka iwe na mlango. Ulianza na wajane. Ulifanya kazi penseli ikiwa mdomoni, na ukiulizwa jambo hukujibu mpaka umalize ubao. Mchana ulitaka sote tule bada kwenye sinia moja nawe, na mtoto aliyechelewa ulimfichia kipande chake cha samaki chini ya ugali ule wa muhogo, ukijifanya hujui kimefikaje hapo.

Wapo wasiojua yaliyokupata mwaka ule wa kuhamia vijijini. Tunayasimulia leo kwa kuwa wewe mwenyewe hukuyasimulia kwa uchungu.

Ulikwenda Korogwe kununua bawaba za mlango wa zahanati yetu. Basi lilipofika stendi, utingo alikuteremshia mfuko wa vifaa akikuita kwa jina lako lote. Askari wawili vijana waliovaa kiraia walikuwa wamesimama karibu. Walikuwa katika msako wa bangi, na mtu waliyeagizwa kumleta aliitwa Mwinjuma Mhina, wa Lutindi, aliyekuwa akiteremsha mzigo kutoka milimani ndani ya magunia ya viazi. Huku kwetu ukiita Mhina sokoni hugeuka nusu ya soko, lakini wao walitosheka na walichosikia. Uliwaambia wewe ni fundi, mtu wa Sindeni. Wakasema hata yule angesema hivyohivyo, wakakutia pingu.

Habari aliileta dereva wa basi. Mwenyekiti wetu, Mzee Semboja, alikwenda kukutetea pamoja na mdogo wako, Baba Mdogo Athuman. Waliambiwa kwamba kila mhalifu ana mwenyekiti wake. Wakapewa viatu vyako warudi navyo, na Mama alipoviona aliketi palepale uani. Siku zilizofuata majirani wengine walianza kupita njia ya nyuma. Kuna aliyekuja kuchukua mbao zake kabla mlango haujaisha, akisema hana haja nao tena.

Mwezi uliandama ukiwa ndani, ukaandama tena. Baadaye ulituambia kwamba njaa na kunguni uliviweza. Kilichokuuma ni kijana wa rika la mwanao kukuita "wewe," asikuamkie.

Kwa kuwa hukukiri, walimleta mke wa yule waliyemtaka. Aliitwa Mashavu, alikuwa na mtoto mgongoni na wengine aliowaacha Lutindi kwa jirani. Mkubwa wa askari alimwambia atazame vizuri. Kama huyu ndiye mume wake, aseme tu, na jioni ile atalala na wanawe. Ulitusimulia kwamba uliona akielewa anachopewa. Akikubali, msako unaisha, na mumewe huko alikojificha anakuwa mtu huru. Wewe hukumsihi. Ulimsalimu tu, ukamuuliza hali ya mtoto, maana alikuwa akikohoa.

Mashavu alikutazama kitambo, kisha akasema, "Natamani angekuwa yeye. Lakini siye."

Walimuuliza tena kwa ukali, akarudia yaleyale. Usiku ule naye akalazwa ndani na mtoto wake, asubuhi wakamwachia. Baada ya siku chache yule mumewe akakamatwa kwa ndugu zake huko Mombo, akafungwa miaka miwili. Wewe ukafunguliwa bila hata pole, ukarudi nyumbani na ndala za kuazima. Kesho yake uliamka alfajiri kama kawaida, ukaswali, ukauliza mbao za zahanati ziko wapi.

Hukupumzika hata juma moja ukasema unakwenda Lutindi. Mama hakupenda. Alisema umetoka matatani jana, leo unapanda mlima kwenda kwa mke wa mfungwa, watu watasemaje? Hatujasahau ulivyomjibu.

"Zamda, yule mama alikuwa na mume mmoja, nawe ulikuwa na mume mmoja. Amekurudishia wako."

Ulimkuta Mashavu akilala na wanawe katika jiko la mjomba wake. Wakwe walikuwa wamemfukuza, wakisema amemuuza mtoto wao. Uliporudi na habari hiyo, Mama aliinuka kupima unga. Safari ya pili alijitwisha unga mwenyewe akatangulia njiani. Ninyi wawili na yule mjomba mlimsimamishia Mashavu vyumba viwili. Mama na Mashavu wakawa kama ndugu, hata akina mama wa huko wakimwona Mama anapanda mlima walimwambia dada yake hajambo kabla hajauliza.

Mumewe alitoka gerezani, lakini hakukanyaga Sindeni. Ulimtumia salamu, akazipokea, asije. Mashavu alisema anaona haya. Wewe ukasema mwacheni, mtu hasukumwi kwenye nyumba ya mwenzake. Kisha kifua kikakubana masika ya mwaka jana, ukatutoka, hamjaonana.

Siku ya maziko, maiti yako ikiwa bado uani, shehe aliuliza kama ilivyo desturi: nani anamdai marehemu, au anadaiwa naye? Mtu mwembamba tusiyemjua alisimama nyuma ya watu. Akasema, "Mimi ni Mwinjuma Mhina." Watu wote waligeuka, na Mama alishika ukuta. Akaendelea taratibu kwamba ulikaa ndani kwa makosa yake, kisha ukawalisha wanawe alipokuwa kifungoni, na kwamba hana namna ya kulilipa deni hilo. Akaomba aruhusiwe kukubeba.

Baba Mdogo Athuman alimshika mkono ili amtoe nje. Hatumlaumu. Alikuwa amekwenda Korogwe akarudi na viatu. Alimwambia kwamba siku ya kubeba mzigo wake ilikuwa ile ya Korogwe, naye alijificha. Yule mtu hakubisha wala hakuondoka.

Ndipo Bibi, mama yako mzazi, alipotoka chumbani akishikwa mkono na Mashavu. Alimtazama yule mtu kutoka kichwani hadi miguuni. Akamwambia Athuman, "Mwachie. Mwanangu alimsubiri huyu."

Walikubeba, Baba. Unajua watu hupokezana jeneza njiani ili kila mmoja apate thawabu. Vijana walimwendea mara kwa mara kumpokea, akatikisa kichwa. Alibeba kutoka uani mpaka makaburini, jasho likimtiririka machoni asilifute. Katika mti uleule wa jeneza, nyuma yake, alikuwa Athuman, naye hakumpisha mtu. Kaburi lilipofunikwa walikaa chini pamoja. Kisha Athuman akamuuliza kama amekula tangu atoke Lutindi. Akasema hajala. Wakaja nyumbani, wakanawa kwenye bakuli moja.

Baba, tuliona hayo kwa macho yetu, na tulitamani uyaone.

Tunakukumbuka sisi: mama yako, Bi Zuena; mkeo Zamda; mdogo wako Athuman; wanao Mwantumu, Kibwana na Sauda; Mzee Semboja na wanakijiji wenzako wa Sindeni; Mashavu na watoto wake wa Lutindi; na mumewe, Mwinjuma Mhina.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Siku zote tulizojaliwa, hutatutoka moyoni.