Pumzi Uliyoirudisha Kwenye Wimbo

Mpendwa binti yangu Biira,

Leo hapa sokoni Bwera, mpakani na Kongo, simu ya kijana anayebadilisha pesa, jirani ya meza yangu, imepiga tena wimbo wetu, nami nikaacha kupanga nyanya. Nimeona nikuandikie huko Nairobi, maana kwenye simu sauti yangu ni ndogo na kila mara unaniuliza, "Mama, unalia?" Silii, mwanangu. Ndivyo ninavyosikika tangu waliponipasua shingo kutoa lile rovu.

Zamani nilikuwa naanzisha nyimbo kanisani bila kipaza sauti, na marehemu baba yako aliwaringia wenzake wa kiwanda cha saruji kwamba ameoa spika. Baada ya upasuaji, Mwalimu Bwambale wa kwaya aliniambia kwa upole, "Mama Biira, wewe kaa kwanza nyuma, upone." Nikakaa. Nikapona, na hakuna aliyeniita mbele. Jumapili baada ya Jumapili nilikuwa nachezesha midomo tu, nikirudi nyumbani moyo unaniuma, na wewe uliona.

Ndiyo maana kwaya ilipokuja kurekodi kwenye kachumba kako kule Kasese, ulitangaza kwamba ubeti wa pili nitauimba mimi peke yangu. Mwalimu akakuna kichwa. "Lakini sauti yake iko chini sana. Watu hawatasikia." Ukamjibu huku unachomeka nyaya, "Tutaona, Mwalimu." Mtoto wa kuzaa mwenyewe! Nilitaka kucheka, na nilitaka kutoroka.

Ulinisimamisha mbele ya maiki, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele, tukangoja bodaboda zipite. Nilipojaribu kupaza, koo likakwaruza. Ukavua hedifoni, ukanishika bega. "Mama, usisukume. Imba kama unavyoimba jikoni. Kusukuma niachie mimi."

Wenzangu walipoondoka ukanivutia kiti nione hiyo kompresa yako, kisanduku ndani ya kompyuta chenye vitufe vya duara na mshale unaocheza. Mimi kompresa niliyoijua ni ile ya kujaza upepo matairi. Ukanieleza kwamba hii ni kama mkono unaokaa kwenye kitufe cha sauti: neno likiruka juu, mkono unalishusha, maneno yakishakaribiana, unayainua yote pamoja, na lile dogo nalo linasikika. Nikaelewa. Ndivyo nilivyowalisha ninyi mlipokuwa wadogo, anayenyang'anya namshika mkono ili aliye kimya naye apate.

Ila mara ya kwanza uliibana mno. Kila nilipovuta pumzi, pumzi ilitoka kubwa kama neno lenyewe, utadhani nimetoka kupanda milima ya Kyarumba na gunia la maharage kichwani. Ukaona nitachekwa, ukazikata pumzi zote. Nikasikiliza. "Biira," nikasema, "huyu mama hapumui. Huyu ni maiti anaimba." Ulicheka mpaka hedifoni ikaanguka. Kisha ukaanza kuzirudisha moja moja, kwa chini, kila moja mahali pake. Ukalegeza kompresa, ukaiacha ichelewe kidogo kushika ili mwanzo wa kila neno upite mzima. Ulipopiga tena, nilijisikia mwenyewe. Si yule wa zamani. Mimi huyu, niliyepasuliwa nikapona, na maneno yangu yote yapo. Siku ile ungeniuliza kama nalia, ningekubali.

Watu wakajaziwa wimbo kwenye memori kadi, nao wimbo ukavuka mpaka. Mteja wangu mmoja wa Kongo alisimama hapa na beseni kichwani. "Ule mama mwenye kuimba ubeti ya pili, iko nani? Anaimba sawa vile iko hapa karibu na sikio."

"Njo mimi," nikamwambia kwa Kiswahili chao, yaani ndiye mimi.

"Weye? Na ii sauti kidogo?"

"Mutoto yangu njo alitengeneza."

Nilijisikia mrefu, Biira. Nilimwongezea nyanya bila yeye kuomba.

Na Jumapili moja Mwalimu Bwambale alitembea na maiki mpaka mstari wa nyuma, akanishika mkono, akanipeleka mbele ya kanisa zima. Akaniwekea maiki karibu kabisa na mdomo. "Mama Biira," akaninong'oneza, "usisukume." Nikajua yalikotoka maneno hayo.

Juzi uliniambia kwamba kwenye studio hiyo kubwa unakofanya kazi sasa wanaume wanakutuma soda, na ukitoa wazo wanakukata katikati, hata unafikiria kurudi. Nyumbani ni kwako, njoo siku yoyote ukinikumbuka. Lakini usirudi kwa sababu eti sauti yako ni ndogo. Najivunia wewe kuliko nilivyowahi kujivunia koo langu lilipokuwa zima, na ninalisema hili mbele ya yeyote atakayesoma. Usigombane nao. Wawekee ubeti wa pili, halafu nyamaza, waisikie pumzi ya mama yako.

Kusukuma niachie mimi. Hapa Bwera hakuna anayeondoka na nyanya zangu kabla hajalijua jina lako.

Ni mimi mama yako,
wa mstari wa mbele.