Kibuyu cha Bibi Mwanne Chuoni Kwetu

Chuo cha Walimu Mkongoni,
S.L.P. Kibaha.
14 Agosti 1976

Mpendwa dada yangu Zubeda,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mjomba Salehe na wote wa nyumbani kwake huko Tabora. Mimi sijambo, ila kifua cha kipupwe kilinilaza siku mbili wiki iliyopita. Sasa nimepona, na sauti imerudi yote, kwa bahati mbaya ya wengine. Je, mgongo wako? Bado unainama kwenye cherehani kutwa nzima? Mjomba aliandika kwamba wateja wanakusifu kwa kushona magauni ya harusi. Nilifurahi, nikasema kumbe kushona kulikuwamo mwilini mwako na sisi tulikuwa tukikupa nguo zilizochanika tu.

Nilikwenda Vihingo mwisho wa Juni. Bibi Mwanne hajambo, macho ndiyo yanamsumbua, lakini mdomo uko vilevile. Mama yako ana nguvu zake. Baba yako, baba mkubwa Mfaume, bado hajaizoea nyumba mpya ya kijijini. Kila asubuhi anarudi mahameni tulikohamishwa kupalilia mikorosho yake, anasema ikiachwa peke yake itanuna. Aliniuliza kama huwa unaniandikia. Aliuliza huku anatazama jembe, lakini aliuliza.

Huku kwetu sabuni imeadimika, hata duka la ushirika la Sofu likiipata inakwisha kabla mstari haujanyooka. Ramadhani nayo hiyo inakuja, na tambi hazionekani.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini. Nakuomba uwe peke yako unaposoma kuanzia hapa.

Mwezi wa Mei binti mmoja wa mwaka wa kwanza alifunga sanduku lake, akalibeba kichwani hadi barabara ya Morogoro, akaondoka bila kumuaga mtu. Kama wewe. Mkuu wa chuo chetu sasa ni Mwalimu Adamu, aliyekuja Januari, wewe hukumkuta. Alifungua daftari la wanachuo akaona kwamba kwa miaka mitatu wanawake kumi na mmoja wameondoka kabla ya kumaliza, na wanaume wawili tu, mmoja wao alikuwa mgonjwa. Akatuita mimi na Mama Tereza, matroni wetu, unamkumbuka, yule wa Morogoro mwenye kuku. Mimi ni katibu wa kamati ya wanachuo wanawake. Akatuagiza tuwaulize wanawake wote wa hapa, wanachuo, wapishi na makarani, jumla sabini na tisa, kama wako salama, na kama hawako salama, nani anawasumbua na wapi.

Makamu wake alikuwa na jibu tayari hata kabla hatujauliza. Alisema ni vijana wa Kongowe wanaovizia njiani, na dawa yake ni kujenga ua na kutupiga marufuku kwenda dukani. Alikuwa ameshachora na ua wenyewe.

Nikachapa maswali kwenye stensili, tukagawa karatasi sabini na tisa. Nilikuwa najiona mtu mkubwa kweli, natembea na mafaili kwapani. Karatasi zikarudi zote. Sabini na mbili zimeandikwa "Hakuna." Sita hazikuandikwa kitu. Moja iliandikwa kwamba maharage ya hapa hayaivi.

Dada, niliwakasirikia wanawake wenzangu siku tatu nzima. Nilikuwa nawapita bwaloni bila salamu. Najua wanachokijua, wanajua ninachokijua, halafu wote wanaandika Hakuna! Siku ya nne Mama Tereza akanikalisha jikoni akaniuliza karatasi zile tulikuwa tunazikusanyia wapi. Nikamjibu, ofisi ya taaluma. Akaendelea kuchambua mchele, mpaka mwenyewe nikajishika kichwa.

Ofisi ya taaluma ndimo anamokaa mwalimu wa mwandiko. Jina lake sitaliandika, unalijua. Mtu yule ametufundisha sote kuandika ubaoni na madaftarini, herufi kwa herufi. Ukimpa daftari lisilo na jina anatazama mkia wa "g" anamwita mwenyewe. Alikuwa akijisifia hivyo darasani nasi tukimpigia makofi. Na mimi, katibu mwenye akili, nikawaambia wanawake wamwandikie yeye, kwa mikono yao, mambo yanayomhusu yeye. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile.

Basi ndipo nilipokwenda Vihingo. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akihesabu siku zetu tulipokuwa wali, tumewekwa ndani kwa unyago? Kila jioni punje moja ya kunde kwenye kile kibuyu chake chenye shingo nyembamba, bila kusema neno, na sisi mle ndani tukajua tu kwa mlio. Nilimwomba anipe kibuyu hicho. Nilimweleza Bibi kazi yake, yote, maana ukimficha kitu bibi yule anakitoa mwenyewe. Alikipangusa kwa upindo wa kanga akasema, "Haya mambo sie tulifundishwa kuyafunga mdomo, mwanangu. Kibuyu hakikufundishwa."

Tulirudia kuuliza hivi. Chumba cha Mama Tereza, mtu mmoja mmoja anaingia, mlango wazi lakini pazia limeshushwa. Mezani kuna punje za mahindi na za kunde. Kama umewahi kusumbuliwa na mwalimu au mfanyakazi wa chuo, tia punje moja ya hindi kibuyuni. Kama hujawahi, tia kunde. Hakuna kalamu wala jina, na mlio wa punje ni mmoja. Hata wapishi wasiojua kusoma waliingia, na karatasi zangu za mwanzo walikuwa wamesomewa na karani, fikiria mwenyewe wangejibu nini.

Sasa cheka kidogo. Tulipomaliza tulimwaga punje kwenye mkeka barazani ili tuhesabu mbele ya wajumbe wa kamati. Mama Tereza akaitwa kupokea kuni, mimi nikaingia ndani kutafuta kalamu. Kurudi, kuku saba wako juu ya mkeka. Walikuwa wamekula mahindi na kuziacha kunde, nazo wamezitawanya hadi mchangani! Nilitaka kulia. Makamu alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani, akasema wananchi wote wamepiga kura, hadi kuku, na kwamba jambo limekwisha.

Mimi nikasema halijaisha. Keshoye asubuhi tulianza upya, kuku wamefungiwa bandani. Nilihofu wanawake watachoka. Kumbe kicheko cha Makamu kilikuwa kimewaudhi kuliko chochote. Walipanga mstari hadi kwenye bomba la maji. Mpishi mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu, aliingia, akatoka anafuta macho kwa kanga, akarudi jikoni kukoroga ugali.

Mahindi hamsini na moja, dada. Kunde ishirini na nane.

Kisha nikatandika sakafuni ramani ya chuo niliyoichora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, na kila mwenye kuogopa mahali akaweka kijiwe pale. Njia ya Kongowe, ambayo Makamu anataka kuijengea ua, ilipata vijiwe sita. Nyuma ya bomba, ambako taa imekufa tangu mwaka juzi, vijiwe kumi na moja. Stoo ya vitabu na chaki ilipata vijiwe vingi mpaka ramani ikafunikwa, ikabidi tuvihesabu kwa kuviondoa kimoja kimoja. Vilikuwa arobaini na saba. Ndugu Husseini, mwenyekiti wa wanachuo wanaume, mwanzoni alitutania sana kwa habari ya kibuyu. Alipoiona ile ramani alichuchumaa, akasema wanaume wote wanajua kuhusu stoo ile na wamekuwa wakiifanyia mzaha. Akaomba nalo liandikwe, na likaandikwa.

Dada Zubeda, nije kwako.

Ulipoondoka chuoni na kurudi Vihingo mimi nilikuwa kidato cha nne. Ulikuwa unamenya mihogo uani. Nilisema mbele ya watu kwamba umezidi kudeka, kwamba wenzako wanatafuta nafasi hiyo kwa machozi na wewe umeitupa. Hukuinua kichwa. Mpaka leo naiona mikono yako na kisu. Watu wote nyumbani wakashika hilohilo, kwamba Zubeda alishindwa masomo, na baba yako akaacha kulitaja jina lako mbele ya wageni.

Mwaka jana, muhula wangu wa kwanza, mwalimu wa mwandiko aliniita stoo kuhesabu chaki. Aliusukuma mlango kwa kisigino. Sitaandika zaidi, wewe huhitaji kuandikiwa. Nilikuwa karibu na rafu nikaipindua nzima, makasha ya chaki yakaanguka kwa kishindo, Mwinyimadi mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini, nami nikapita katikati yao. Nilipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma. Ninayo. Lakini nilipokuwa nakimbia kwenda bwenini sikuwa nafikiria chaki wala yule mtu. Nilikuwa nafikiria ile mihogo. Nisamehe, dada. Nisamehe kwa maneno yale, na kwa kukaa na hili mwaka mzima bila kukuandikia kwa aibu.

Bodi ya chuo inakaa tarehe 18 Septemba. Mwalimu Adamu ni mtu mwema lakini ni mwoga wa makaratasi, na sasa nimeanza kumwelewa. Anasema bodi itaambiwa punje hazina midomo, kwa hiyo lazima awepo anayesimama na jina lake. Nimempa langu. Mama Tereza aliniuliza mara tatu kama nimefikiri. Nimefikiri. Alama yangu ya mwandiko iko mkononi mwa yule mtu, na Makamu ameshaniambia, kwa upole sana, kwamba wahitimu wasumbufu hupangiwa shule za mbali. Nimemjibu kwamba huko mbali nako kuna watoto wanaotaka kusoma. Niliogopa, nakwambia ukweli, lakini jina sikulifuta na silifuti.

Ombi langu lilikuwa jingine. Nilitaka wale kumi na mmoja walioondoka nao wahesabiwe, maana kuwauliza waliobaki tu ni kuuliza nusu. Mkuu amekubali. Amekubali pia kwa maandishi, nakala ninayo, kwamba atakayeonekana aliondoka kwa sababu hiyo ataombewa nafasi ya kurudi kumalizia Januari. Mama Tereza anawaandikia wale kumi. Wewe nilisema nitakuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu huu uliolala hovyo, ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuunyoosha.

Sikwambii urudi. Una cherehani yako na amani yako, na sina haki ya kukuamuru baada ya niliyoyasema. Wala nyumbani sijasema neno lolote juu yako. Bibi nilimweleza ya chuo na ya kwangu tu. Ya kwako ni yako. Ukinyamaza nitaelewa, nami tarehe 18 nitaingia kwenye bodi ile hivyohivyo. Ila ningependa uhesabiwe.

Nisalimie mjomba Salehe na mkewe, na Tatu mdogo, jina langu, mwambie nimesikia ameota meno mawili na ninangoja kung'atwa. Bibi Mwanne anakusalimu sana, na mama yako anasema usikae na njaa kwa ajili ya kazi. Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akupe na usingizi usio na mawazo.

Humu ndani utakuta kipande cha kanga nilichokishona pembeni. Kina punje mbili, hindi moja na kunde moja. Nirudishie moja tu, unayoitaka, huna haja ya kuandika neno.

Kunde nimeiokota jikoni kwetu. Hindi ni la shamba la baba yako. Nilipokwenda kuchukua kibuyu aliniuliza nataka mbegu ya nini, nikasema ni kazi ya chuo, akakaa akanipukuchulia hindi zima kwa mkono wake, akichagua punje kubwakubwa, hajui za nini. Ikirudi punje hiyo ya hindi, nitakwenda Vihingo siku hiyohiyo, nitamkalisha chini, nitamweleza mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye, ninayengoja bahasha,

Tatu